Mtani Wangu na Sindano ya Pili

Uvimbe wangu wa shingoni haukugunduliwa na daktari. Uligunduliwa na mtani wangu, tena kwa matusi.

Tulikuwa tumekaa kibarazani kwangu, Mtoni, jua la alasiri limeanza kulegea, kila mtu na dafu lake. Nikainua langu nikapiga mafunda matatu ya nguvu. Yeye akaacha kunywa. Akanikodolea macho shingoni.

"Wee Mzaramo, umemeza nini?"

"Maji ya dafu. Kwani wee hapo unakunywa nini?"

"Hebu meza tena."

Nikameza tena, kwa ukaidi tu, ili nimwonyeshe kwamba hana analolijua.

"Kuna kitu hapo kinapanda na kushuka," akasema. "Naona ulikuwa unakula embe la watu, ukasikia mwenyewe anakuja, ukameza na kokwa lake."

Nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa kwa sababu wajukuu zangu wanajua kusoma. Kisha nikaingia ndani kama mtu aliyesahau kitu, nikasimama mbele ya kioo cha kabati na kumeza mate. Kweli. Upande wa kulia, chini kidogo ya koromeo, kitu cha ukubwa wa zambarau kilipanda, kikatulia, kikashuka. Kwa shingo hiyo nimepiga kelele miaka thelathini na minne, nikifundisha shule ya msingi kule Pugu, na sikuwahi hata siku moja kuitazama vizuri.

Mtani wangu huyu ni mwanamke mwenzangu, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mzaramo, nimezaliwa Dar es Salaam hii hii kabla mji haujafika huku tuliko. Makabila yetu ni watani tangu enzi za babu zake kushuka pwani na mizigo kichwani, na utani una sheria zake. Mtani anaruhusiwa kukwambia lolote, mahali popote, mbele ya yeyote, nawe huruhusiwi kununa. Mimi nina hasira za karibu, hilo mtaa mzima unalijua, kwa hiyo hununa kwanza, halafu nikaikumbuka sheria, halafu nikamrudishia maneno makali kuliko aliyonipa. Siku nahamia mtaa huu alikuwa barazani kwake anashona, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nilipomwambia, akasimamisha cherehani.

"Ngoma inaanza saa ngapi?" akauliza, maana Wazaramo tunasingiziwa kwamba tunaweza kuuza shamba ili tucheze ngoma.

Nikamwambia ashushe mzigo kichwani kwanza, apumzike, ndipo tuongee. Tukawa marafiki hapo hapo.

Lakini kazi kubwa ya mtani iko msibani. Wafiwa wanalia, yeye anachekesha. Mume wangu alipofariki, uani kumejaa watu, mimi nimekaa ndani kwenye mkeka sijiwezi, nikasikia kikohozi cha marehemu. Kikohozi chake kabisa, kile cha kukwaruza mara mbili halafu kimya. Nikanyanyua kichwa. Alikuwa mtani wangu, amevaa kanzu ya mume wangu na kofia yake, mwavuli kwapani, anapita katikati ya waombolezaji akiuliza, "Jamani, hii chai leo inachemshiwa Kilwa?" Ndivyo mume wangu alivyokuwa akiuliza kila asubuhi ya ndoa yetu. Watu walicheka mpaka wakaanza kulia upya. Mimi nililia mpaka nikacheka, na baada ya hapo ndipo nilipoweza kumeza tonge la kwanza.

Tangu siku hiyo alikuwa akinisubiri mimi. "Wee utakuwa mtamu zaidi," alikuwa akiniambia. Alikwisha kuichagua hata kanga yangu atakayoivaa, ile ya zambarau yenye maua ya korosho, na kila nikiifua alikuwa akipita kukagua kama haijachuja. Mazoezi aliyafanyia hadharani. Anaivuta kanga begani mara mbili, anabenua midomo, mguu wa kulia anautupa nje, maana niliwahi kuanguka kwenye kiti nikiandika juu kabisa ya ubao na mguu haukurudi sawasawa. Kidole juu. Halafu inatoka sauti yangu, ile ya darasani: "Marahaba. Hamjambo? Nani huyo anaongea huko nyuma? Simama."

Vijana wa mtaani walimwomba arudie. Nami nilikaa pale pale kwenye benchi lake, naonyeshwa matanga yangu mwenyewe, na badala ya kuogopa nikawa namkosoa.

"Mguu siutupi hivyo, Mnyamwezi. Wee unautupa kama unapiga penalti."

Basi ndiye huyo aliyenipeleka hospitali. Sikutaka kwenda. Akasema hataki kushona nguo ya msiba kwa haraka, anataka apate tarehe mapema.

Daktari niliyeelekezwa, katika hospitali kubwa, alikuwa kijana mpole, rika la mwanangu wa mwisho anayekaa Mbezi Luis. Alinipima kwa ultrasaundi, akanionyesha kwenye skrini tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba sana watu huiita goita, na ndani yake lile zambarau langu. Akasema uvimbe mwingi wa namna hiyo hauna neno, ila wangu kingo zake hazijampendeza. Ataingiza sindano nyembamba, avute chembechembe, zipakwe kwenye vioo na kusomwa kwa hadubini. Akanilaza chali na mto chini ya mabega, shingo imenyooka kama ya kuku anayesubiri kisu.

"Mama, sindano ikiwa ndani usimeze, usikohoe, usiseme. Ni nusu dakika tu."

Nikamwambia asihangaike, mimi nimesimamia mitihani ya taifa, kunyamaza nakujua.

Sindano ikaingia. Haikuuma kama nilivyoogopa, ilisukuma tu. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, wakaingia wanafunzi sita wa uuguzi, sare zimepigwa pasi zikakakamaa, wakajipanga ukutani. Mmoja wao, ambaye bila shaka amekuwa kiranja tangu darasa la kwanza, akavuta pumzi, na wote sita wakatoa kwa pamoja:

"Shikamoo mama."

Sijui niwaelezeje watu ambao hawakuwa walimu. Miaka thelathini na minne, kila nikiingia darasani, watoto wote wanasimama wananiamkia kwa sauti moja, na mdomo wangu unajibu kabla kichwa hakijaarifiwa. Na hata nisingekuwa mwalimu, mtu mzima atalalaje pale, ameamkiwa na watoto wa wenzake, akanyamaza kana kwamba hakulelewa?

"Marahaba," nikasema, sindano ikiwa shingoni. "Hamjambo?"

"Hatujambo," wakaitikia.

Daktari alichomoa sindano polepole, akabonyeza pamba.

"Mama, nilikuomba usiseme."

"Sijasema, baba. Nimeitikia."

"Kuitikia ni kusema, mama."

Akawatoa nje wale watoto, akarudia mara mbili. Safari zote mbili nilikuwa kimya kama maji ya mtungi, lakini alichovuta kilikuwa chekundu kuliko alivyopenda. Nilikiona usoni mwake.

Mtani wangu alikuwa akinisubiri nje kwenye benchi, nami nikafanya kosa la kumsimulia tukiwa tunarudi. Kufika kesho yake mchana mtaa mzima ulikuwa na habari, tena yenye chumvi: kwamba niliitikia, nikauliza na habari za nyumbani kwao, nikamtaka kiranja aniimbie jedwali la saba. Watoto wakawa wanapita dirishani kwangu kwa makundi, "Shikamoo bibi," kisha wanakimbia wamejishika shingo. Nilitoka na fagio mara mbili. Hizo zilikuwa wiki mbili za raha, ila sikujua.

Majibu tuliyafuata pamoja. Yeye akajitaja kuwa ndugu wa mgonjwa bila kuulizwa, akavuta kiti akakaa. Daktari aliisoma karatasi, akaiweka mezani, akaichukua tena.

"Mama, majibu hayajakaa upande wowote. Damu ni nyingi, chembechembe ni chache, na hizo chache zina sura ambayo aliyezisoma hakuweza kuzitolea uamuzi. Siwezi kukwambia hii ni saratani. Siwezi pia kukwambia si saratani."

Neno hilo lilikuwa bado halijatajwa kati yetu. Sasa lilikuwa limetajwa mara mbili ndani ya pumzi moja.

"Kwa hiyo nimefeli?" nikauliza.

"Hujafeli wala hujafaulu," akasema. Akatabasamu kidogo. "Utafanya mtihani wa marudio."

Akaeleza. Tungesubiri miezi mitatu, shingo ipumzike, maana jeraha la sindano likiwa bado bichi linaweza kumchanganya msomaji. Sindano ya pili nayo isipoeleweka, itabidi wanipasue watoe nusu ya tezi, waisome yote. Nikamuuliza kama haya yote ni kwa sababu niliitikia. Akasema huenda, na huenda sivyo, uvimbe mwingine hutoa damu hata mgonjwa akiwa bubu. Sikumwamini. Niliona ananistahi tu kwa umri wangu, na kwamba miezi hiyo mitatu ya kutojua nimejitafutia mwenyewe kwa adabu zangu.

Muuguzi akaniita pembeni anipime presha, ambayo kwa saa ile sitaki kuitaja. Nikiwa nimefungwa ule mkanda mkononi, nikaona kupitia mlango ulioachwa wazi daktari anamrudisha mtani wangu, anainama, anamwambia jambo kwa sauti ya chini. Mtani wangu akaitikia kwa kichwa. Kisha akajifunika mdomo kwa kiganja.

Tulipotoka nikamwambia afunge mdomo, Tabora nzima inaonekana humo ndani. Nilikuwa nampa nafasi. Kwa siku ya kawaida angenirudishia kabla hatujafika getini.

"Ndiyo, dada yangu," akasema.

Dada yangu. Miaka yote tuliyojuana hakuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa Mzaramo, nilikuwa mcheza ngoma, nilikuwa mdai wa nyama ya msiba, nilikuwa maneno mengine. Sikuwahi kuwa dada.

Kesho yake asubuhi alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Akaniuliza nimeamkaje, kama shingo inauma, kama nilipata usingizi. Akachukua fagio akafagia uwanja wangu. Nikamwambia naona Wanyamwezi siku hizi wamepandishwa cheo, wametolewa kwenye mizigo wamepewa fagio. Akanitabasamia kama mtu anavyomtabasamia mtoto mwenye homa.

"Kunywa ungali wa moto, dada."

Ikawa hivyo kila siku. Nilijaribu kila ninachokijua. Nilimwambia gauni alilomshonea mke wa mwenyekiti wetu wa mtaa linafanana na foronya. Akasema ataliangalia. Nilivaa ile kanga ya maua ya korosho, nikapita mbele ya cherehani yake huku na huku, mguu nimeutupa kuliko unavyojitupa wenyewe. Akasema imenipendeza. Hata watoto aliwakemea. Dirishani kwangu pakawa kimya, hakuna shikamoo ya kundi, na mimi nikawa nakaa ndani nimeshika tama, nawangoja watoto niliokuwa nawafukuza.

Niseme wazi, niliogopa. Huyu ni mtu aliyevaa kanzu ya marehemu akaulizia chai mbele ya jeneza. Mtu anayeweza kufanya mzaha pale, ni jambo gani limemshinda kulifanyia mzaha? Nilirudi kwenye jibu lile lile: daktari alimwambia. Karatasi ilikuwa na neno moja zaidi, nikafichwa mimi akaambiwa ndugu, na ndugu mwenyewe ni huyu. Wanangu niliwaambia ni vipimo vya kawaida vya uzee. Lakini nilianza kupanga hati ya nyumba na vyeti kwenye bahasha moja, na mbele ya kioo cha kabati nikaacha kumeza mate. Nikipita pale nilikuwa natazama pembeni.

Wiki moja kabla ya sindano ya pili uvumilivu ukaniishia. Alinijia na uji, nikaupokea, nikaukalisha chini, nikamfuata mpaka kwake. Nilimkuta anakaa kwenye cherehani, sketi ya shule ya mtoto wa mtu iko mkononi.

"Niigize," nikamwambia.

"Nini, dada?"

"Ukiniita dada tena nakumwagia uji. Simama uniigize, kama unavyoniigizaga."

Akanitazama. Akaweka sketi pembeni, akasimama, akaivuta kanga begani mara moja, mara mbili. Akabenua midomo. Kidole kikapanda. Akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Kisha akakaa chini taratibu, akaanza kukusanya vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja.

"Siwezi," akasema.

"Daktari alikwambia nini siku ile?"

"Siku gani?"

"Usijifanye mjinga. Nilikuona. Alikwambia ukajiziba mdomo."

Akaduwaa kidogo, halafu akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza kwa karibu miezi mitatu.

"Aliniambia siku ya marudio nisimame mlangoni nizuie watu wasikusalimie. Mie nikajiziba nisimchekee usoni, maana mtu mwenyewe alikuwa anasema kwa huzuni kweli."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Nikakalia benchi. Kisha hasira ikapanda, kwa sababu mimi hivyo ndivyo nilivyo.

"Sasa mbona unanipikia uji? Mbona unanifagilia? Umenizika mzima mzima miezi mitatu, na hakuna mtu aliyekwambia nakufa?"

Aliukunja ule uzi kidoleni, akaukunjua.

"Uji niliamua mwenyewe," akasema. "Sikia. Miaka yote hii nakuigizaga, nikimaliza unanitukana. Ndio utamu wake. Siku ile daktari kataja lile neno, nikajiona niko uani kwako, nimevaa kanga yako, nimetupa mguu, watu wanacheka. Namaliza, nageuka, naangalia nani atanitukana. Hakuna mtu. Tangu siku hiyo sauti yako hainijii. Najaribu nikiwa peke yangu, haiji."

Nilitaka kumjibu neno chafu, la kumsaidia. Sikulipata. Tukakaa pale mpaka mama mmoja akaja kuulizia sketi ya mwanawe, na mtani wangu akamdanganya kwamba imebaki kifungo tu.

Siku ya marudio alikuja amevaa kama anakwenda kutoa mahari, na kwa mlango ule alikuwa askari hasa. Mimi nimelazwa ndani, shingo juu, sioni kitu ila dari na pua ya daktari, lakini nilikuwa namsikia. Alianza na wanafunzi wa uuguzi.

"Nyie, mkiingia humo hakuna shikamoo. Hakuna habari za asubuhi. Ukimwona macho yamekuangalia, wewe angalia ukuta."

Kisha zikaja hatua nzito, za viatu vya bei. Daktari wangu akanong'ona kwamba huyo ni mkubwa wake, amekuja kusimamia. Nje nikasikia mtani wangu, bila kushusha sauti hata kidogo:

"Shikamoo baba. Wewe ingia, ila humo ndani usimsalimu mtu."

"Kwa nini, mama?"

"Yule mgonjwa alikuwa mwalimu. Akisalimiwa anaitikia hata akiwa amekufa."

Kicheko kilinipanda kutoka tumboni. Sindano ilikuwa ndani. Nilimfikiria mume wangu, nikafikiria ile bahasha ya hati na vyeti, nikafikiria uji wa ulezi, nikauma meno, machozi yakanitiririka mpaka masikioni. Yule mkubwa akaingia kimya, ameinua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa na polisi, akasimama karibu na skrini. Sindano ikatoka, ikaingia nyingine, ikatoka, ikaingia ya tatu. Safari hii mwenye hadubini alikuwepo chumbani, akitazama kioo kimoja kimoja palepale kuona kama kina kitu cha kusoma. Akaitikia kwa kichwa.

"Tumemaliza," akasema daktari wangu, akibandika plasta. "Umejitahidi sana. Shikamoo mama."

Nilimkazia macho. Nikajionyesha shingo kwa kidole, kumuuliza kama ruhusa ipo. Akacheka, akasema ipo.

"Marahaba," nikasema, na sauti ilitoka ikikwaruza kama ya jogoo anayejifunza.

Wiki mbili zilizofuata uji uliendelea kuja, ila matusi hayakuja. Alikuwa anajaribu. Alianza, "Wee Mza...", halafu akaishia njiani akauliza kama nimekula. Nilimwacha. Tulikuwa tunaogopa wote wawili, kila mtu kwa kabila lake.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi refu la kule hospitali, katikati ya watu wengi, wengine na plasta shingoni kama zile zangu, wengine na mabahasha ya picha magotini. Jina langu lilipoitwa sikusimama. Daktari akatoka mwenyewe mpaka mlangoni.

"Mwanangu," nikamwambia, "mwambie huyu kwanza."

"Mama, majibu ni yako."

"Ni yangu, nami nakupa ruhusa. Mwambie huyu, mie nitayasoma kwake."

Alitutazama wote wawili, akafikiri, akampisha mtani wangu aingie. Mlango ukafungwa.

Nilikuwa na hesabu yangu na ilikuwa rahisi. Akitoka akaniita dada yangu, nimekwisha. Akinitukana, naishi. Nilikaa nimeshika kingo za benchi, nikitazama chini ya mlango ule, pale ambapo vivuli vya viatu vyao vilikuwa havisogei. Jirani yangu, mzee mmoja mwenye fimbo, akaniuliza kama najisikia vizuri. Sikumwitikia, na yeye ndiye mtu wa kwanza maishani mwangu ambaye sikumwitikia kwa makusudi.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka peke yake, uso umelowa machozi, hanitazami. Nikajua basi. Nikakumbuka bahasha iko droo gani.

Akafika katikati ya korido akasimama. Akaivuta kanga begani, mara moja, mara mbili. Midomo ikabenuka. Mguu wa kulia ukatupwa nje, sawasawa kabisa, kwa kipimo changu, si cha penalti. Akapita mbele ya benchi lote, kidole juu, na kutoka kinywani mwake ikaja sauti yangu, yote, ile ya kufika dirisha la mwisho la darasa.

"Marahaba. Hamjambo?"

Benchi zima, wazee kwa vijana, wenye plasta na wenye fimbo, watu waliowahi wote kukaa darasani mahali fulani, wakaitikia kabla hawajajua wanamwitikia nani.

"Hatujambo, mwalimu."

"Matokeo ya marudio yametoka. Mcheza ngoma mmoja wa Mtoni amefaulu. Saratani hakuna, atakuwa anapimwa mara moja kwa mwaka, na kanga yake naisubiri hata ikichuja." Daktari alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake na karatasi mkononi, akiitikia kwa kichwa kila neno. Mtani wangu akageuka, akakinyoosha kile kidole chake, yaani kidole changu, mpaka mwisho wa benchi. "Na nani huyo analia huko nyuma? Simama."

Nikasimama.